Nilinunua Miaka, Sikununua Nyumba

Sehemu ya Saba

Kama hukunisoma wiki zilizopita, hujakosa raha yoyote. Duka la mazulia nililofanyia kazi tangu ujana lilifungwa. Mke wangu Jocelyn akaondoka na fundi aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni. Benki ikaandika kwamba mkopo wa nyumba umefika mwisho, wanataka chao. Wiki jana niliishia pale mwalimu mmoja alipoipenda fleti yangu, akasema anainunua, halafu wakili wake akauliza imebaki miaka mingapi.

Imebaki sitini na kidogo.

Hapa Penge, London, mtu wa fleti hanunui nyumba, ananunua miaka. Ardhi na kuta ni za mwingine, na miaka ikiisha, mwenyewe anachukua chake. Tulipoinunua mimi na Jocelyn miaka ilikuwa mingi, na tulikuwa vijana. Nani ana miaka ishirini na sita akakaa kuhesabu ya mbele? Ikawa inakwisha polepole kama sabuni bafuni, mpaka ikafika mahali hakuna benki inayokubali kumkopesha mtu ainunue.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi. Nisipoongezewa miaka, sina mnunuzi. Nikikosa mnunuzi, benki inachukua fleti na mimi natoka na mabegi.

Wasomaji wameniandikia kuuliza kama nililia. Sikulia. Tangu Jocelyn aondoke nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, ganzi bado haijaisha. Ungenichoma sindano ningekwambia ahsante.

Mwenye ardhi alikuwa Bi Winnie Tuckwell, mama wa miaka themanini na zaidi, anayekaa chini yangu. Hakuolewa, hakuzaa. Nyumba aliachiwa na baba yake, akaigawa mbili, akaniuzia miaka ya juu. Tuliishi vizuri. Mimi nilimtolea mapipa ya taka, yeye alinipa jemu ya maboga ambayo hakuna binadamu anayeweza kuila.

Nikatafuta wakili. Nikampata Bi Folasade Akindele, ofisi yake iko juu ya duka la kuku.

"Bwana Hoskin, hili si jambo gumu," akaniambia. "Sheria inakupa haki ya kuongezewa miaka. Tunamwandikia, yeye anajibu na bei yake. Akishajibu, una miezi sita. Ama mmeelewana, ama tumepeleka baraza la nyumba waamue wao. Miezi sita ikipita hujafanya lolote, ombi limekufa, na huruhusiwi kuleta jingine mpaka mwaka mzima uishe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Benki itakusubiri mwaka mzima?"

"Haitasubiri."

"Basi miezi sita hiyo uilinde kama mboni ya jicho."

Tukamwandikia Bi Winnie. Wakili wake naye akajibu, akataja bei ya kumfukuza mtu. Wakili wangu akapunguza, wakili wake akapandisha.

Barua zikawa zinatoka kwangu juu, zinakwenda mjini, zinarudi kwake chini. Asubuhi tukikutana mlangoni, mimi na Bi Winnie tunaongelea mvua.

"Leo itanyesha, Gerald."

"Itanyesha, Bi Winnie."

"Na jana ilinyesha."

"Ilinyesha kweli."

Hata siku moja hatukutaja miaka. Sisi watu wa hapa ndivyo tulivyo. Kumtajia jirani habari za pesa uso kwa uso ni kama kufungua mlango wa choo mtu yumo ndani. Ndiyo maana tumejaaliwa mawakili.

Halafu Cedric akafariki. Cedric alikuwa kaka yake Bi Winnie, ndugu pekee aliyebaki, anakaa Margate. Bi Winnie akanisimamisha mlangoni, kavaa koti jeusi.

"Gerald, lile jambo letu," akasema, akiangalia viatu vyangu. Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja. "Unaonaje tukaliweka kando kidogo, mpaka tumalize haya ya Cedric?"

"Bila shaka, Bi Winnie. Hakuna haraka."

Hakuna haraka. Kwa mdomo wangu huu huu.

Bi Folasade akapiga simu mara nyingi. Niliziacha zikalia. Mwisho nikapokea.

"Bwana Hoskin, uko hai? Nilikuwa nataka kuagiza maua."

"Niko hai."

"Muda unakwisha. Nipe ruhusa nipeleke baraza leo hii. Ni fomu tu."

"Bi Winnie kafiwa."

"Nimesikia, nampa pole. Fomu haimzuii mtu kuzika."

"Itamfikia siku ya mazishi."

"Ataisoma kesho yake."

"Haitakuwa vizuri, wakili. Nilimwambia hakuna haraka."

"Haitakuwa vizuri kwa nani? Wewe ndiye unayefukuzwa, lakini mwenye haya ni wewe. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Bwana Hoskin. Nipe ruhusa."

"Subiri kidogo. Tumalize mazishi."

Halafu akasema, "Kwetu ukifiwa, anayekudai anakuja msibani, anakula wali, anakupa mkono wa pole, na kesho anakudai. Ninyi watu mna ugonjwa gani?"

Nikamuaga, nikakata simu.

Siku ya mwisho ya ombi langu nilikuwa Margate, nimemshikia Bi Winnie mwavuli nje ya mahali pa kuchomea maiti. Hakuna aliyelia. Tulikula sandwichi za mayai. Mtu mmoja alisema Cedric alipenda reli, wote wakakubali kwamba Cedric alipenda reli. Tukarudi kwa treni, na ombi langu likawa limekufa.

Baada ya hapo yakaja ya benki. Kesi ya kuichukua fleti itasikilizwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nikaisoma barua, nikaikunja, nikaenda kufua soksi.

Sasa sikiliza. Ijumaa moja Bi Winnie akanigongea dari kwa mpini wa ufagio, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nikashuka. Nilimkuta amesimama katikati ya sebule, kashika simu, uso mwekundu.

"Gerald, wewe ni mpumbavu."

"Ndiyo, Bi Winnie."

"Wakili wangu amenipigia kunipongeza. Ananiambia nimeshinda. Nimeshinda nini, namuuliza. Ananiambia jirani yako kalala, tarehe imempita. Ni kweli kulikuwa na tarehe?"

"Ilikuwepo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefiwa."

"Nilifiwa na Cedric, sikufiwa na akili!" Akaketi. "Na sasa benki?"

"Benki wanachukua."

"Na wewe utakwenda wapi?"

"Sijui. Kuna dada yangu Grimsby, lakini ana paka wengi."

Akanitazama muda mrefu. Nadhani hajawahi kunitazama hivyo, kila siku tulikuwa tunaangalia mawingu.

"Unajua kitu?" akasema. "Miaka yote mliyokaa hapo juu, wewe na Jocelyn, sijawahi kusikia mkigombana. Sakafu ni mbao tupu, nakusikia hata ukivua kiatu. Sikusikia sauti ikipanda hata siku moja. Nilikuwa namwambia Cedric, wale hawadumu."

Ningeweza kusema jambo hapo. Nikasema, "Tulijitahidi kutokusumbua."

"Ndiyo shida yako." Akafuta miwani. "Haya, mawakili waende zao. Nitakuongezea miaka tisini mwenyewe, kwa hiari yangu. Bei sitaki. Nilipie tu gharama za karatasi. Jumatatu mlete yule mama wako wa sheria, nisaini."

"Bi Winnie, siwezi kukubali bure."

"Gerald."

"Ndiyo?"

"Kubali."

Nikakubali. Nikapanda ngazi nikampigia Bi Folasade. Alicheka mpaka akakohoa. "Una bahati kuliko akili, Bwana Hoskin. Jumatatu saa tatu nipo hapo, na kalamu mbili, moja ikikataa ipo nyingine."

Jumapili redio ya Bi Winnie ilikuwa inasema tangu asubuhi. Kipindi cha bustani, kisha kwaya, kisha taarifa ya habari, kisha bustani tena. Yeye huzima akienda kanisani. Sikusikia mlango.

Nikagonga. Nikaita. Ufunguo wake ninao, wa dharura. Nilimkuta kwenye kiti chake, miwani mapajani, kalala usingizi usio na kuamka.

Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Nikazima redio. Nikaketi kiti cha pili kuwasubiri, mimi na yeye, kimya, kama tulivyozoea.

Natamani niwaambie kwamba nilimlilia. Nilichofikiria ni Jumatatu. Nilifikiria, masaa tu, mama, ungengoja masaa tu. Niliona aibu, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Jumatatu saa tatu Bi Folasade akaja na kalamu zake mbili. Nilikuwa sijampigia. Nilifungua mlango, akaniona uso, akaelewa.

"Lini?"

"Jana."

Akaketi kwenye ngazi na koti lake zuri. "Pole sana. Mama wa watu." Akazirudisha kalamu mfukoni. "Kulikuwa na mtu mwingine aliposema atakupa?"

"Hakukuwa na mtu."

"Aliandika popote?"

"Hakuandika."

"Basi huna kitu, Bwana Hoskin. Ahadi ya ardhi isiyoandikwa ni upepo. Angekuwa hai, angeitimiza kwa heshima yake tu. Sasa tunamtegemea atakayesimamia mirathi, na huyo hana deni lolote kwako. Ana watoto?"

"Hana."

"Huyo kaka aliacha mtoto?"

"Hakuacha."

"Kuna mtu. Kila nyumba London ina mtu wake." Akasimama, akapangusa koti. "Nitamtafuta kabla ya kesi, Alhamisi ya wiki ijayo. Akija mbele ya hakimu akasema miaka anakuongezea, na mnunuzi wako yule mwalimu bado yupo, hakimu anaweza kuwaambia benki wangoje uuze mwenyewe. Asipokuja, utafute maboksi."

Niseme tu kwamba nilikwenda dukani nikaomba maboksi. Walinipa ya ndizi.

Bi Folasade akapiga simu Ijumaa, nikiwa nafunga sahani kwa magazeti.

"Umeketi?"

"Nimesimama."

"Keti."

Nikaketi juu ya boksi.

"Wakili wa marehemu amenisomea wosia. Aliuandika upya mwaka jana. Kuna mtu mmoja tu, ndiye msimamizi, ndiye mrithi. Nyumba ya chini ni yake, ardhi ni yake, kuta ni zake, na hiyo ngazi unayopanda ni yake."

"Nani?"

"Nami nakuuliza. Unamfahamu Jocelyn Hoskin?"

Kwenye simu nilisikia mashine ya kukaangia kuku kule chini ya ofisi yake.

"Bwana Hoskin? Ni dada yako? Ni yule wa paka uliyenisimulia?"

"Ni mke wangu. Alikuwa."

"Yule wa fundi bomba?"

"Huyo."

Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kicheko kifupi. "Nisamehe. Si jambo la kuchekwa. Mwanamke uliyenunua sehemu yake ya fleti mlipoachana, leo ndiye mwenye ardhi wako. Nimwandikie barua?"

"Mwandikie."

"Nimeshamwandikia. Lakini alichonijibu hutakipenda. Amesema barua hataki, anakuja mwenyewe."

Akaja Jumapili mchana. Aligonga. Mlango aliochagua rangi yake mwenyewe, aligonga kama mgeni.

"Hujambo, Gerald?"

"Sijambo. Karibu. Baridi imezidi."

"Imezidi."

Akaingia, akayaona maboksi. Alikuwa amekonda, nywele kazikata. Nikamwondolea sahani kwenye kiti.

"Darren hajambo?" nikauliza. Darren ndiye fundi.

"Hajambo. Anakusalimu."

"Msalimie."

Tukakaa.

"Nilikuwa nakuja kwa Bi Winnie kila wiki," akasema Jocelyn. "Ulipokuwa unakwenda ofisi ya kutafuta kazi. Nilimfanyia ununuzi. Hukujua?"

"Sikujua."

"Sikuwa nataka ujue. Siku moja akaniambia, nyumba nakuachia wewe. Nikamwambia, usifanye hivyo, mama, Gerald atajisikiaje? Akanijibu, ndiyo maana nafanya. Nataka yule mtu wa juu alazimike kufungua mdomo wake mbele yako."

Nikaangalia dirisha. Mvua haikuwepo hata ya kuongelea.

"Sasa niombe," akasema.

"Nikuombe nini?"

"Unajua nini. Miaka. Niombe."

"Wakili wangu atakuandikia, Jocelyn. Itakuwa rahisi kwa wote."

Akacheka, lakini hakufurahi. "Nimeketi hapa. Nikinyoosha mkono nakugusa. Na wewe utanitumia barua kutoka duka la kuku?"

"Ofisi iko juu ya duka."

"Gerald!"

Hiyo ilikuwa sauti ya juu. Sidhani nimewahi kuisikia. Ilinipita kifuani na sikujua niiweke wapi.

"Naomba uniongezee miaka," nikasema. Kila neno nililitoa kama ninavuta msumari ukutani. "Nisipoipata, Alhamisi wananitoa."

"Haya. Kumbe inawezekana." Akavua glovu. "Alichokuahidi Bi Winnie nakijua, alinipigia Ijumaa ile ile usiku, kafurahi kama mtoto. Nami nitakupa hivyo hivyo. Alhamisi nitasimama mbele ya hakimu nimwambie mwenyewe. Lakini kwanza nijibu swali moja, na usinijibu habari za hali ya hewa."

"Uliza."

"Siku ninaondoka. Ulinibebea begi mpaka kwenye gari. Ulilipanga vizuri nyuma, ukafunga mlango, ukaniambia niangalie barafu barabarani. Darren mwenyewe alishikwa na aibu, alijifanya anatafuta stesheni ya redio. Nimekaa na jambo hilo mpaka leo. Ulikuwa unahisi nini?"

Wasomaji, nilijua jibu linalotakiwa. Mtoto angelijua. Ningesema niliumia, ningesema moyo ulipasuka, na Alhamisi yangu ilikuwa salama, na mwalimu anahamia, na benki inapata chake, na mimi nabaki na kitu cha kuanzia. Neno moja tu la uongo, na pengine wala lisingekuwa uongo wote.

Lakini Bi Winnie alikuwa ameniambia shida yangu, na nilikuwa nimechoka.

"Sikuhisi kitu," nikasema.

"Kitu chochote?"

"Nilifikiria begi ni zito. Nilifikiria kama umechukua koti la mvua. Basi."

Jocelyn hakusogea. Macho yake yakajaa, hakuyafuta.

"Miaka ishirini na tisa," akasema.

"Si kwamba sikukupenda."

"Usiniambie hivyo sasa. Sasa unataka miaka."

"Ningeweza kukudanganya, Jocelyn."

"Ndiyo. Ungeweza." Akavaa glovu moja, akaivua, akaivaa tena. "Na ningekuamini. Nilikuja hapa nimeshaamua kukuamini, chochote utakachosema. Njia nzima kwenye basi nilikuwa najiambia, aseme tu aliumia, nisaini, niende zangu."

Akainuka. Nami nikainuka, mwili umezoea adabu. Nikataka kumshikia koti, akalichukua mwenyewe.

"Alhamisi utakuja?" nikauliza.

"Nitakuja. Sijui nitamwambia nini hakimu."

Alifika mlangoni, akashika kitasa, akageuka. Sura yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, si ya mtu anayekomoa.

"Hebu geuza," akasema. "Ardhi iwe yako, mimi ndiye niko juu na maboksi. Nimekuambia usoni kwamba siku ulipoondoka sikuhisi kitu. Ungenipa?"

Akangoja. Safari hii hakuniondolea macho, wala mimi sikuyakimbiza dirishani. Nikafungua mdomo nimjibu, na hapo ndipo ganzi ilipoanza kuniisha. Niliogopa kumpoteza yeye, wala si fleti.